Shamba Lililongoja Kura

Matisi, Kitale
11 Septemba 2005

Kwa binti yangu Nabwile, Sang'alo, Bungoma.

Mulembe.

Mimi baba yako Zachary Wabwile nina miaka sabini na sita, na mtu akikuambia ni sabini na nne huyo alizaliwa jana. Nimeona nzige wakikula nguo kwa kamba. Wazungu wa mashamba ya hapa Kitale nimewamaliza, wote niliwasindikiza na masanduku yao mpaka stesheni. Nimezika machifu, nimezika mama yenu, na yule daktari alisema ati kifua itaniua kabla ya Krismasi, nilienda matanga yake nikala nyama. Kwa hivyo nikitoa neno, ujue imetoka kwa mtu ameona.

Hii barua naandika na mkono wangu mwenyewe. Darasa ya ngumbaro ilikuwa na wazee wengi lakini mwalimu alisema Wabwile ndiye anashika kalamu kama mtu. Usione herufi zimelala. Ni meza iko na mguu mbaya.

Sasa. Wewe na ndugu yako Wanjala mmenichosha na ile shamba ya chini, ya kando ya mto. Wewe unasema uko hapo tangu uachane na yule mtu wa Kiminini, umejenga, umepanda vitunguu, unalea mtoto. Wanjala anasema msichana akirudi kwao anapewa kiti jikoni, hapewi shamba, na ati anataka yote apande miwa ya kiwanda. Nimefikiri mpaka kichwa ikawa moto. Halafu nikapata akili ambayo hakuna mzee mwingine Bungoma yote amepata.

Hii Novemba nchi yote inapigia katiba mpya kura. Ndizi ni ndiyo, chungwa ni hapana. Na ndani ya hiyo katiba kuna maneno ya mashamba, ya kwamba mtoto msichana asibaguliwe. Basi nilipokuja huko Sang'alo kuvuna, tukikunywa busaa, ile pombe ya mtungi, kwa Kizito mwenzangu, mrija mdomoni, mbele ya bakoki wangu, wale tulipashwa tohara pamoja, nikasema: ndizi ikishinda, shamba ya chini ni ya Nabwile. Chungwa ikishinda, ni ya Wanjala. Nchi yote itaniamulia. Wazee walinyamaza kabisa. Nafikiri walishangaa akili.

Usinijibu kwa simu. Simu inakula maneno.

Mimi baba yako,
Zachary Wabwile, Nyapara Mstaafu


Sang'alo, Bungoma
20 Septemba 2005

Papa, mulembe.

Barua yako imefika. Nilikuwa nimesikia kwa watu, sikuamini. Nimeisoma ndani, nikaitoa nje kwenye mwanga nikaisoma tena, nikidhani ni macho yangu. Si macho.

Papa, nakuuliza kwa heshima. Watu wa Wajir wanajua vitunguu vyangu? Yule mama wa Malindi atakayeamka asubuhi kwenda kupanga foleni, atajua kwamba akiweka alama yake kwa chungwa anang'oa nyumba ya mtu huku Sang'alo? Yeye atakuwa anafikiria mambo yake. Na ni haki yake. Shamba si lake, ni lako. Hati iko na jina lako. Sasa umeitisha nchi nzima ije ifanye kazi ya baba.

Wazee hawakunyamaza kwa kushangaa akili. Mzee Kizito alikuja hapa siku iliyofuata ile busaa, akasimama nje, akakataa chai. Aliniambia, "Binti, baba yako ametupa jiwe juu, sasa wote tunangoja tuone litaangukia nani."

Wanjala yeye hangoji. Alichinja kuku siku ileile. Amevaa kofia ya rangi ya chungwa mpaka kanisani. Jana alipita hapa na baiskeli akaniambia, "Dada, funga vitunguu vizuri, vinasafiri." Ameshaandikisha shamba lote kwa miwa, na trekta litakuja kulima baada ya kura. Si baada ya wewe kusema. Baada ya kura.

Na majirani hawaniulizi tena habari ya asubuhi. Wananiuliza, "Wewe ni ndizi ama ni chungwa?" Kana kwamba nimeacha kuwa mtu.

Papa, rudisha neno lako. Bado ni mapema.

Mwanao,
Nabwile

Nekesa anakusalimu. Yuko darasa la pili, anauliza kama babu yake, guka wa Kitale, bado ana meno.


Matisi, Kitale
2 Oktoba 2005

Kwa Nabwile.

Mwambie Nekesa guka ana meno mengi kuliko babake.

Wewe usinifundishe kazi ya baba. Mimi nilikuwa nyapara, watu mia walikuwa wanangoja mdomo yangu asubuhi. Unajua kwa nini sikuamua mwenyewe? Nikikupatia wewe, Wanjala anasema mzee amelishwa dawa na msichana. Nikipatia Wanjala, wewe unalia na mama yenu ananitokea kwa ndoto. Lakini nchi ikisema, nani atagombana na nchi? Hiyo ndiyo akili.

Na usifikiri niko gizani. Nilienda mkutano ya kufundisha raia katiba, hapa Matisi. Mwalimu ni Khairunisa, msichana wa Sharif, jirani yangu fundi wa nguo. Msichana anaongea hiyo maneno kama maji. Alipomaliza nikasimama, na wote wakageuka.

Nikamwambia, "Mwalimu, hii kitabu nimesoma."

Akasema, "Yote, mzee?"

"Ile inanihusu."

Watu wakacheka, lakini hiyo ni wivu. Nikamuuliza, "Iko ukurasa nataka, na iko ukurasa sitaki. Ile ya watoto wasichana nimepitia na kidole, si mbaya vile watu wanasema. Lakini ile ya serikali za wilaya inanichanganya. Machifu wanaenda wapi? Sasa nafanya aje?"

Akasema, "Mzee, kura ni moja kwa kitabu kizima. Ni ndiyo ama ni hapana. Huwezi kupasua."

Nikamwambia, "Bana, hata kwa hoteli wakiniletea ugali mzuri na nyama imeoza, mimi narudisha nyama nakula ugali!"

Ukumbi ikapasuka. Akasema, "Hii si hoteli, mzee." Mtu akapiga kelele huko nyuma, "Si hoteli na mnatuletea matunda?" Hata Sharif alicheka, na Sharif si mtu wa kucheka.

Lakini nikikuambia ukweli nilitoka hapo kichwa imejaa. Mmoja anasema ukipiga ndizi umeuza nchi. Mwingine anasema ukipiga chungwa unachukia serikali. Nimepewa kofia na hawa na shati na wale. Nimevaa zote mbili. Ni nguo tu.

Tulia. Ngoja nchi.

Zachary Wabwile


Sang'alo, Bungoma
15 Oktoba 2005

Kwa Papa.

Salamu nyingi. Sisi wazima, ng'ombe wazima, mimi ndiye nimekonda kwa kazi ya nchi.

Papa, nimefurahi sana kusikia umevaa kofia ya chungwa hapo Kitale. Kimeli, yule wa mahindi, amepita Chwele akaniambia amekuona nayo macho yake. Nikajua damu haipotei. Sasa watu wakiuliza nasema mzee mwenyewe ni chungwa, hiyo neno ya busaa ilikuwa tu kumnyamazisha Nabwile polepole.

Mimi hapa silali. Tumefunga spika kwa baiskeli, nimezunguka Sang'alo, Mabanga, mpaka nyuma ya mlima. Nimenyesha mate kwa hiyo spika mpaka sauti imekauka. Hakuna mtu huku amefanyia hii kura kazi kama mimi. Siku yenyewe nitakuwa hapo kituoni mapema, niwaonyeshe.

Kuhusu Nabwile, mimi simchukii. Ni dada yangu. Lakini fikiria, Papa. Leo umempa, kesho anaolewa na mtu wa mbali, halafu mimi na watoto wangu tunaanza kubisha hodi kwa mgeni tukitaka kuteka maji ya mto wetu. Utakuwa umefurahi huko uliko? Miwa haiolewi. Ukipanda inakaa.

Afisa wa kiwanda amesema trekta ni wiki ya kwanza baada ya kura. Nimempa neno.

Mwana wako imara,
Wanjala


Sang'alo, Bungoma
24 Oktoba 2005

Papa, mulembe.

Wanjala anatangaza kwamba wewe ni chungwa. Mzee Kizito anasema wewe ni ndizi. Mimi mwanao sijui wewe ni nani.

Lakini sikukuandikia kwa hiyo. Nilienda mjini, ofisi ya mashamba. Kuna Phelista, tunaimba naye kwaya, yeye hufanya kazi hapo. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Baba yako yuko hai?" Nikasema yuko. "Ana akili zake?" Nikasema anazo, hata anazisifu. Akasema, "Sasa mnangoja kura ya nini?"

Papa, hebu soma hapa polepole. Phelista anasema mwenye shamba akiwa hai, na hati ni yake, anaweza kumkatia mtoto yeyote, awe msichana awe mvulana. Ni leo, kwa sheria iliyopo. Unaenda kwa bodi ya ardhi mbele ya watu wa hapa, wewe na huyo unayempa, wanawauliza maswali, wakikubali mpimaji anakuja. Katiba ipite, isipite, wewe bado unaweza. Ikipita, hailazimishi mzee aliye hai kunigawia mimi. Ikianguka, haikukatazi.

Nilitoka hapo nikakaa kwenye ngazi ya ofisi. Nilicheka kidogo halafu sikucheka. Nchi nzima inachanganyikiwa, watu wanatukanana sokoni, na sisi tumeongeza letu ambalo halimo hata kwenye hicho kitabu.

Kama unataka apewe Wanjala, mpe. Niambie kwa mdomo wako, "Nabwile, sikupi." Nitalia na nitatoka. Lakini iwe ni wewe umesema. Usinifukuze kwa mkono wa watu nisiowajua.

Mwanao,
Nabwile


Matisi, Kitale
6 Novemba 2005

Nabwile.

Hiyo barua yako imenikasirisha mpaka nimeiweka chini ya godoro.

Phelista ni nani? Phelista alizaliwa wakati mimi nimeshachoka kuongea na maofisa. Mimi nimeandikia DC barua na akajibu. Ninajua hati yangu. Sijasema siwezi kukata. Nimesema nimetoa neno.

Wewe hujui neno ya mrija. Mzee akisema kitu mrija ikiwa mdomoni, mbele ya bakoki, hiyo neno si yake tena, ni ya wote walikunywa. Kuirudisha ni lazima upike mtungi ingine, uite walewale, usimame, useme mdomo yangu ilitangulia kichwa. Mimi! Mbele ya Kizito! Kizito aliyelia siku ya kisu na mimi sikupepesa jicho! Wacha hiyo.

Na tena umechelewa. Kila mtu anajua. Hata hapa Matisi watu wananisalimia "Mzee wa Kura". Nikirudi nyuma sasa watasema aliogopa.

Kwa hivyo sikia amri. Siku ya kura nenda mapema. Piga ndizi. Ambia wamama wote wa soko wapige ndizi. Hiyo ndiyo njia umebaki nayo. Mimi sisemi nitapiga nini, kura ni siri, hata Khairunisa alisema. Lakini mimi ni baba yako, sasa unafikiri nini?

Na usinitumie tena maneno ati nikuambie kwa mdomo. Mdomo yangu iko na kazi ingine.

Zachary Wabwile


Matisi, Kitale
22 Novemba 2005, asubuhi

Kwa binti yangu Nabwile.

Mulembe sana. Naandika kabla redio haijamaliza kuhesabu, ndio usiseme baadaye nilijua.

Jana nimepiga kura. Nilivaa koti ya mazishi. Karani akanishika mkono akitaka kunisaidia, nikamwambia niache, mimi ni mtu wa ngumbaro. Nikaingia nyuma ya ile karatasi ngumu, peke yangu, hakuna mtu.

Nikaangalia ndizi. Nikaangalia chungwa. Nikakuona wewe umeinama kwa vitunguu. Nikaona Wanjala na watoto wake na jembe. Nikakumbuka ile ukurasa naipenda, na ile ukurasa inanichanganya. Halafu nikaona kumbe ni rahisi, hakuna mtu mwingine amefikiria. Nikaweka alama moja kwa ndizi, ya ukurasa nataka. Nikaweka alama moja kwa chungwa, ya ukurasa sitaki. Nikakunja, nikatumbukiza, nikatoka nikiwa mwepesi. Wale wote kwa foleni wametoa jibu nusu. Mimi nimepatia nchi jibu nzima.

Wino iko kwa kidole bado. Nimemuonyesha Sharif.

Sharif ameniuliza nilichagua nini, nikamweleza vile nimekueleza. Ameacha cherehani. Amesema, "Mzee, hebu nimwite Khairunisa." Sijui anamwitia nini. Nafikiri anataka asikie pia.

Ngoja, amekuja.

Nabwile, sitaandika vile amesema. Amesema kwa heshima lakini amesema. Ati kura ya hivyo wanaiweka kando, haiendi kwa huyu wala kwa yule. Nikamuuliza, "Kwa hivyo mimi nilisema nini jana?" Akaangalia chini. Akasema, "Mzee, kwa hesabu yao, hukusema kitu."

Naposti hii ilivyo. Kichwa inauma.

Baba yako


Sang'alo, Bungoma
26 Novemba 2005

Papa, mulembe.

Barua yako na matokeo vimenifikia pamoja. Umeshasikia. Chungwa imeshinda nchini, na wewe ulisema chungwa ikishinda shamba ni la Wanjala.

Nina mambo mawili ya kukuambia. Usiyasikie kwa mtu mwingine.

La kwanza ni la Wanjala. Siku ya kura alifika kituoni kabla ya askari, na kofia yake. Alisimama wa kwanza. Karani akatafuta jina lake kwenye daftari, akatafuta tena. Halipo. Hakujiandikisha. Wakati wa kuandikisha alisema anajulikana, ataandikwa tu. Watu walipoanza kucheka alisema, "Lakini hii kura ni yangu, mimi ndiye nimeileta huku!" Askari akamwonyesha mlango. Papa, hata mimi nilimhurumia.

La pili ni langu. Nilipiga chungwa.

Najua uliamuru ndizi. Na najua nilikuwa najipiga mwenyewe. Lakini kile kitabu nilikisoma chote, wakati nikingoja wateja sokoni, na kila nikifika kwenye nguvu za rais nilisimama. Niliona zimerundikwa kwa mtu mmoja vilevile tulivyolalamika miaka yote. Labda nimekosea. Wenye elimu walibishana na mimi ni wa kidato cha pili. Lakini niliposhika kalamu nilijiuliza, nitawapa watoto wa watu wote kitu ninachokiogopa, ili mimi nipate sehemu ya vitunguu? Mkono ulikataa. Ile kura haikuwa yangu peke yangu, Papa. Wewe ndiye uliifanya yangu peke yangu.

Sasa siwezi kusema chungwa ni nzuri kwa nchi halafu nikatae matunda yake nyumbani. Trekta linakuja wiki ijayo. Mimi na Nekesa tunaenda Kachibora. Wangui, rafiki yangu wa soko, ana kibanda pale na amenigawia upande mmoja. Nimeng'oa vitunguu vilivyokomaa. Vilivyo vidogo nimeviacha ardhini.

Sina hasira. Nimechoka tu kuwa swali.

Nabwile


Sang'alo, Bungoma
11 Desemba 2005

Kwa binti yangu Nabwile, kwa kibanda cha Wangui, soko la Kachibora.

Mulembe, mwanangu.

Niko nyumbani Sang'alo. Nilikuja siku nilipopata barua yako, koti ileile ya kura, sikupita hata kwa Sharif kuaga. Nimefika trekta imeshaingia. Imechukua upande wa mto wote, na vile vitunguu vidogo viko chini ya udongo. Nyumba yako imesimama. Imebaki hatua chache.

Nilitoa kiti kwa nyumba yako nikaweka mbele ya trekta nikakaa.

Dereva akasema, "Mzee, toka, niko na kazi."

Nikamwambia, "Mimi pia niko kazini."

Akazima injini akaenda kukojoa. Wanjala akaja mbio. Watu wakajaa, unajua Sang'alo, wakisikia trekta imenyamaza wanakuja kuona nani amekufa.

Wanjala akapiga magoti, sidanganyi. Akasema, "Papa, ulisema chungwa ikishinda."

"Nilisema."

"Chungwa imeshinda."

"Imeshinda."

"Sasa unakaa hapa kwa nini?"

Nikamuuliza, "Wewe ulipiga nini?" Watu wakacheka mpaka dereva akarudi kuangalia. Wanjala akaona haya, lakini akanirudishia, "Na wewe, Papa? Wewe ulipiga nini?" Kumbe Kimeli alisikia kwa Sharif akaeneza. Nabwile, hiyo swali iliniingia hapa.

Nikaanza kutafuta njia. Nikasema kwa sauti kubwa ati nchi imesema lakini katika nyumba yetu aliyepiga kura ni mmoja tu, Nabwile, na mtu hakupiga kura hawezi kudai ushindi. Watu wakatikisa kichwa, ni kama wanakubali. Nikaona nimepona.

Lakini Kizito alikuwa hapo na fimbo yake. Akasema, "Zachary, usipitie dirishani na mlango uko. Neno ulitoa mwenyewe. Rudisha mwenyewe."

Basi nilirudisha. Jumapili iliyopita tulipika mtungi, tukaita walewale. Nikasimama, mrija mkononi, si mdomoni. Nikasema mdomo yangu ilitangulia kichwa. Nikasema shamba ilikuwa yangu na uamuzi ilikuwa yangu, na mimi niliogopa watoto wangu wawili nikajificha nyuma ya nchi nzima. Halafu nikasema: shamba ya chini ni ya Nabwile. Nasema mimi. Hakuna ndizi, hakuna chungwa. Wanjala anabaki na ya juu yote, na njia ya mto itapimwa ibaki wazi, kwa sababu hiyo neno yake ya kuteka maji si ujinga. Aliondoka kabla busaa haijaisha. Hajaongea na mimi mpaka leo. Anaweka chakula yangu mlangoni anaenda.

Sasa kuna vitu sielewi, na mimi si mtu wa kukubali ati sielewi. Sielewi kwa nini ulipiga chungwa. Nimegeuza hiyo neno kama punje kwa jino. Kama ulitaka shamba, kwa nini? Kama hukutaka, kwa nini ulinililia kwa barua? Khairunisa alisema kura ni ya kila mtu na nafsi yake. Kizito anasema una kichwa ya mama yako. Mimi nasema umenishinda, na hiyo sijawahi kuandika kwa barua ya mtu.

Nilienda kwa Phelista. Bodi ya ardhi inakaa Alhamisi ya wiki ijayo, kwa ofisi ya DO. Wanataka mwenye kutoa na mwenye kupewa, wote wawili, wasimame waulizwe. Nilimwambia mimi nitasema kwa niaba yako, mimi naongea vizuri. Akakataa. Akasema, "Lazima yeye aseme mwenyewe kama anakubali." Kwa hivyo hapa ndipo nguvu yangu imeisha. Siwezi kukuburuta. Siwezi kukuamuru, nilijaribu amri umeona ilienda wapi. Ukija, nitakuwa nje ya ofisi tangu asubuhi. Usipokuja, bodi itauliza yuko wapi, na mimi sitakuwa na jibu.

Na usiseme mzee anajisifu tena. Uliza Kimeli, ndiye amekuletea hii barua, alikuwa amesimama karibu na gurudumu. Uliza Kizito, alikunywa mtungi wa kwanza na wa pili. Na kama bado una wasiwasi, uliza ndugu yako Wanjala. Kwa sasa hanipendi, kwa hivyo hawezi kunisingizia mazuri.

Baba yako,
Zachary Wabwile